Ntare: Jina la simba lililotoka kwenye kiti cha mwami

WATU wengi wanaposikia jina la ukoo Ntare, wawe Kasulu au Dar es Salaam, hulihusisha moja kwa moja na Burundi. Dhana hiyo ina chembe ya ukweli, lakini kwa Waha wa Heru Juu inaweza kuzaa usumbufu usio mdogo, hasa pale ofisa anapoliona jina la namna hiyo kwenye fomu na kuanza kumhoji mwenye nalo kuhusu uraia wake.

Kwa asili, Ntare halikuwa jina la ukoo. Linatokana na neno intare, ambalo katika Kiha, kama ilivyo katika Kirundi na Kinyarwanda, maana yake ni simba. Likiwa jina la mtu, irabu ya mwanzo huondoka.

Lilikuwa jina la enzi. Nchini Burundi wafalme walipokezana majina manne: Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa. Wa mwisho wao, Charles Ndizeye, alitwaa jina la Ntare mwaka 1966, akapinduliwa mwaka huo huo na kuuawa mwaka 1972. Ankole nchini Uganda nako walitawala akina Ntare, na Shule ya Ntare mjini Mbarara, iliyoanzishwa mwaka 1956, ina jina hilo hadi leo.

Huku Buha, anayekumbukwa zaidi ni Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyetawala Heru tangu miaka ya 1940 hadi Serikali ya Tanganyika ilipofuta utawala wa machifu mwaka 1963. Cheo kikafutwa, jina likabaki.

Jina hilo lingeweza kuishia hapo, kwa kuwa kimila kila mtoto wa Kiha alipewa jina lake mwenyewe, na ndugu wa tumbo moja hawakulazimika kuwa na jina la pamoja. Rejista za misheni na za shule ndizo zilizodai jina la baba au la babu liwekwe nyuma, na hivyo jina la mtu mmoja likageuka kuwa la kizazi kizima. Hata Uingereza wapo wengi waitwao King, yaani mfalme, wasio na tone la damu ya kifalme.

Mpaka nao umechangia utata. Buha na Burundi zilikuwa ndani ya koloni moja la Wajerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Burundi ilibaki kwa Wabelgiji, ambao waliishikilia pia Kigoma hadi mwaka 1921 walipoikabidhi kwa Waingereza. Wenye lugha zinazosikilizana na majina yale yale, kama Bigirimana, wakajikuta wako pande mbili. Wimbi la wakimbizi la mwaka 1972, la 1993 na la 2015 likaongeza mashaka juu ya majina hayo.

Kwa mujibu wa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, kinachoamua ni mahali mtu alipozaliwa na uraia wa wazazi wake, wala si jina. Tatizo ni kwamba wazee wengi vijijini walizaliwa nyumbani na hawakupata cheti cha kuzaliwa. Mtoto wa mzee kama huyo anapofika mbele ya ofisa, mara nyingi kinachotangulia kuonekana mezani ni jina.