Kuiga, Ubongo na Kujifunza kwa Kutazama

Neno kuiga halina heshima kubwa katika Kiswahili. Anayeyarudia maneno asiyoyaelewa huitwa kasuku; naye anayejipima na waliomzidi huonywa kwamba mwiga tembo hupasuka msamba. Hata katika uhakiki wa fasihi, kusema kwamba mwandishi fulani ameiga ni kumtia dosari. Pamoja na lawama zote hizo, ususi wa mikeka, uchongaji wa milango na uundaji wa majahazi vilirithishwa katika pwani yetu kwa njia iyo hiyo inayolaumiwa: mwanagenzi alikaa kando ya fundi, akatazama, kisha akajaribu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ubongo unavyoiwezesha kazi hiyo ya kutazama, na kwa nini jambo hili lawahusu wanaisimu zaidi ya wanavyodhani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Giacomo Rizzolatti na wenzake katika Chuo Kikuu cha Parma, Italia, walikuwa wakipima seli moja moja za neva katika ubongo wa kima aina ya makaki, kwenye eneo liitwalo F5, ambalo huandaa harakati za mkono na mdomo. Seli za hapo hufanya kazi kima anapokamata kitu. Jambo ambalo halikutarajiwa ni kwamba baadhi yake zilifanya kazi vile vile alipotulia akimtazama mtafiti akikamata kitu hicho. Taarifa ya kwanza ilichapishwa mwaka 1992, na kufikia 1996 seli hizo zilikuwa zimepewa jina la nyuroni za kioo. Yaani tendo linaloonwa huamsha maandalizi ya kulitenda.

Ugunduzi huo ulipokewa kwa shangwe, pengine kupita kiasi. Mwaka 1998 Rizzolatti na Michael Arbib walipendekeza kwamba lugha yenyewe ilichipuka katika mfumo huo, kwa kuwa eneo la F5 hulinganishwa na eneo la Broca katika ubongo wa binadamu. Dhana hii inavutia, ila inakabiliwa na kizuizi ambacho si haki kukiruka: makaki, ambaye seli hizo anazo, si mwigaji hodari hata kidogo. Gregory Hickok alilikazia jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 2014. Kwa maoni yetu, nyuroni za kioo zaeleza jinsi tendo linavyotambuliwa na anayelijua tayari. Hazielezi jinsi asiyelijua anavyolipata.

Ushahidi wa wacheza ngoma waelekea huko huko. Beatriz Calvo-Merino na wenzake, London, waliwaonyesha filamu wacheza baleti na wacheza kapoeira ya Brazili, huku wakipima utendaji wa ubongo wao. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2005, yalionyesha kwamba sehemu zinazoongoza harakati zilichangamka zaidi kila mmoja alipotazama mchezo aliozoezwa. Je, haikuwa mazoea ya macho tu? Mwaka 2006 waliondoa shaka hiyo kwa kutumia miondoko ya baleti ambayo ni ya wanaume peke yao au ya wanawake peke yao. Wachezaji wa jinsia zote mbili huzoea kuiona miondoko yote, kwa kuwa hufanya mazoezi pamoja. Hata hivyo ubongo wa kila mmoja uliitikia zaidi ile ambayo mwili wake huicheza. Kwa hiyo mwanagenzi hawezi kuona yote ayaonayo fundi. Hana budi kujaribu, kukosea, kisha kurudi kutazama, na kila arudipo huona zaidi.

Lakini ni lipi la kuigwa, na ni lipi la kuachwa? Hapa majaribio yenye mafunzo makubwa yalifanyika jirani nasi, katika kisiwa cha Ngamba, Ziwa Viktoria, upande wa Uganda, ambako sokwe waliookolewa hutunzwa. Victoria Horner na Andrew Whiten, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, waliwaonyesha sokwe wadogo jinsi ya kutoa zawadi ndani ya sanduku kwa kijiti. Mwonyeshaji kwanza alikichomeka kijiti katika tundu la juu, jambo lisilokuwa na faida yoyote, kisha akakiingiza katika tundu la mbele na kuitoa zawadi. Sanduku lilipokuwa halipenyezi macho, sokwe waliiga yote mawili. Lilipokuwa angavu, wakaona kwamba tundu la juu halifiki popote, basi aghalabu wakaliacha. Watoto wa binadamu wa miaka mitatu na minne waliendelea kuiga yote, hata katika sanduku angavu.

Msomaji aweza kudhani kwamba sokwe ndiye mwerevu. Katika kupata zawadi, naam. Katika kupata lugha, angepotea. Hakuna sababu ya kimaumbile ya kukiita kiti kiti, wala ya kusema kiti hiki kizuri lakini meza hii nzuri. Upatanisho wote wa ngeli ni kama kijiti kile cha tundu la juu: hutendwa kwa kuwa wengine wanatenda hivyo. Mtoto wa Lamu haulizi faida yake, huufuata. Mwanafunzi wa lugha ya pili, kwa upande wake, mara nyingi hupewa jedwali la ngeli kabla hajapewa mtu wa kumwiga, nasi twashangaa anapolikariri jedwali na kukosea sentensi.

Tena mtu huyo awepo hasa. Patricia Kuhl na wenzake, huko Seattle, Marekani, waliwapa watoto wachanga wa miezi tisa vipindi 12 vya Kichina cha Mandarin. Waliochezeshwa na wasemaji walio mbele yao walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliopewa wasemaji hao hao kwa televisheni au kwa sauti iliyorekodiwa hawakujifunza lolote, kama taarifa ya 2003 ilivyoeleza. Wanafunzi wa Kenya waliosomeshwa kwa redio na televisheni shule zilipofungwa Machi 2020 hawakuwa wachanga, na si halali kuyahamishia kwao matokeo hayo bila tahadhari. Kwa wachanga, hata hivyo, baadhi ya wanachama wa kundi lilo hilo la Seattle waliendelea kuchunguza, safari hii kwa Kihispania, na mwaka 2015 wakaeleza kwamba watoto waliozidi kuhamisha macho kutoka kwa mwalimu hadi kwenye kitu alichokuwa akikitaja, na kurudi, ndio ambao mawimbi ya ubongo wao yalizibainisha zaidi sauti za lugha ile ngeni.