Santuri za Zambia: Mali Bila Daftari

Litajwapo neno roki hapa Visiwani, fikra za wengi humwendea Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba, 1946, akaja kujulikana dunia nzima kwa jina la Freddie Mercury. Watalii huja Shangani kutafuta alama za utoto wake, na tangu mwaka 1969 ulipopita nusu karne, yaani mwaka 2019, pana makumbusho yenye jina lake. Hatuna ugomvi na hilo. Lakini tukimtaka kijana mwenye mapenzi na muziki huo, awe wa Ng'ambo au wa Chake Chake, atutajie santuri za roki zinazostahili kuwekwa akiba, atazitaja za London, za Birmingham na za Marekani. Ni nadra kumsikia akitaja hata moja ya Zambia, nchi iliyofungamana nasi kwa reli na kwa historia ya ukombozi.

Leo tumekusudia kuzizungumza santuri hizo. Tunafanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, ni santuri nzuri, na mwenye kuzikusanya hatajuta. Pili, yaliyozipata ni onyo kwa kila nchi yenye muziki wake, na visiwa vyetu vimo.

Zambia ilipata Uhuru tarehe 24 Oktoba, 1964. Uchumi wake ulisimama juu ya mguu mmoja, nao ni shaba, iliyoleta zaidi ya asilimia 90 ya fedha za kigeni. Migodi ilijenga miji ya Kitwe, Ndola, Mufulira na Chingola, yenye wafanyakazi wa mishahara, kumbi za starehe na maduka ya santuri. Vijana waliokulia huko walizisikia sauti za Jimi Hendrix, Rolling Stones, Deep Purple na Black Sabbath. Kundi hilo la mwisho lilitoka Birmingham, mji wa viwanda, na mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani kabla ya kupata umaarufu. Hatushangai, basi, kwamba mtoto wa mchimba shaba aliusikia muziki wa mtoto wa kiwanda cha chuma akauelewa bila ya mkalimani.

Ikumbukwe pia hali ya siasa ya wakati ule. Kwetu, mwezi Novemba 1969, muziki wa soul ulipigwa marufuku katika Dar es Salaam kwa hoja ya kulinda utamaduni. Zambia ilishika njia nyingine. Mzee Kenneth Kaunda, mwenyewe mpiga gitaa aliyezunguka na chombo chake katika kampeni za kudai Uhuru, aliagiza katika miaka ya 1970 kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Zambia. Hakuwachagulia vijana wapige mtindo gani. Vijana walilitii agizo: walitunga wenyewe, wakaimba kwa Kibemba, Kinyanja na Kiingereza, na wakazipiga tungo zao kwa magitaa ya umeme yaliyopitishwa katika visanduku vya kukwaruzisha sauti, hata mlio ukatoka mnene na wenye makali kama msumeno. Mtindo huo ukapewa jina la Zamrock.

Wapo watakaouita kasumba. Sisi tunaona kwamba kasumba ni kuiga bila ya kusema lolote lako. Vijana hawa walikuwa na la kusema, na ushahidi umo katika santuri zao.

Ya kwanza kutafutwa ni *Introduction*, ya bendi ya WITCH kutoka Kitwe, ya mwaka 1972. Inahesabiwa kuwa ndiyo santuri ndefu ya kwanza kuuzwa na bendi ya nchi hiyo. Kurekodiwa kwake si kwa kifahari. Ngoma zinasikika kama zinapigwa chumba cha pili. Hata hivyo, ndani yake mna furaha ya watu wanaofanya jambo ambalo hapo kwao halijafanywa bado. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, alijulikana kwa lakabu ya Jagari, jina la Mick Jagger lililolainishwa kwa ulimi wa Kiafrika.

Ikiwa fedha ya mkusanyaji inatosha kwa santuri moja tu ya WITCH, tunamshauri anunue *Lazy Bones!!* ya mwaka 1975. Humo bendi imekomaa. Gitaa ni zito, besi inakwenda kwa mwendo wa mtu anayejua aendako, na Jagari haimbi tena kama mwanafunzi wa mtu. Mpenzi wa muziki wa metali atakayeisikia hatahitaji kuelezwa kwa nini imo katika orodha hii.

Mwaka huohuo wa 1975 ilitoka *Africa*, santuri ya Amanaz. Kwa maoni yetu, hii ndiyo bora kupita zote. Haina haraka. Nyimbo zake zina huzuni ya jioni, na gitaa huingia taratibu kabla ya kupandisha moto. Mojawapo inaitwa *Kale*, neno ambalo kwa Kinyanja lina maana ileile tuijuayo sisi, na msikilizaji wa Kiswahili atashangaa ni maneno mangapi ya ndugu zetu hao anayoyatambua. Mkusanyaji ajue kwamba santuri hii ina sura mbili: moja ina sauti kavu, na ya pili imetiwa mwangwi mwingi. Tofauti yake ni kubwa, na wapenzi wake hawajakubaliana hadi leo ipi ni bora.

Baada ya hapo aitafute kazi ya Paul Ngozi. Kwetu ngozi hufunika mwili. Kwa Kinyanja neno hilo ni hatari au ajali, na alilichagua kwa makusudi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Paul Nyirongo. Alikulia katika mitaa ya wanyonge ya Lusaka, na alipenda kupiga gitaa kwa meno mbele ya watu. *Day of Judgement* ya mwaka 1976, aliyoitoa na kundi lake la Ngozi Family, ni ghafi na kali kuliko zote tulizozitaja. Mpiga ngoma Chrissy Zebby Tembo naye alitoa pamoja na kundi hilo santuri ya *My Ancestors*, mwaka 1974. Wazambia wa kawaida walimpenda Ngozi kwa kuwa aliimba habari za ndoa, ulevi, umasikini na vituko vya mtaani, mambo yaleyale ambayo hapa kwetu huimbwa katika taarabu.

Tusimsahau Rikki Ililonga na kundi lake la Musi-O-Tunya, lililobeba jina la maporomoko makubwa ya mto Zambezi. Kundi hilo lilifanya kazi Nairobi, na santuri yake ya *Wings of Africa* ya mwaka 1975 inachanganya roki na ngoma za asili. Katika mwaka huohuo Ililonga alitoa *Zambia*, kwa jina lake mwenyewe. Hizi mbili zinamfaa msikilizaji ambaye masikio yake bado hayajazoea kelele za Ngozi.

Sasa tuseme yaliyowapata. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973. Kusini, mpaka na Rhodesia ulifungwa mwezi Januari 1973, na Zambia ikalazimika kutafuta njia nyingine ya kusafirishia shaba yake. Ndiyo sababu reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikawa ni mshipa wa uhai wake. Zambia iliwapa hifadhi wapigania uhuru, na kwa ajili hiyo ilishambuliwa. Bendi zilizozoea kupiga usiku kucha zilikuta miji imetiwa giza na watu wamekatazwa kutoka. Kisha zikaja kanda za kunakili bila ya ruhusa, na disko, ambayo haikuhitaji kulipa wanamuziki watano. Mwisho ukaja UKIMWI. Waliounda WITCH walifariki mmoja baada ya mwingine, akabaki Jagari peke yake. Yeye alikwisha kuiacha bendi akaenda kufundisha, na baadaye akaingia katika kuchimba vito. Paul Ngozi alifariki mwaka 1989.

Katika miaka hiyo yote, santuri zao zilikuwa wapi? Zilikuwa chini ya vitanda, katika mabohari na katika masanduku ya watu waliokwisha kuuza gramafoni zao. Zilipigwa chapa kwa idadi ndogo, na hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuziandika katika orodha moja. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani walikuja, wakanunua kwa senti chache, na leo nakala za asili huuzwa huko kwa mamia ya dola, na zilizo nadra zaidi hupita dola elfu moja. Mzambia anayetaka kuisikia sauti ya baba yake hana budi kumwomba mgeni.

Haki isemwe: si kila mgeni alikuja kupora. Zipo kampuni za nje zilizowatafuta wanamuziki au warithi wao, zikaandikiana nao mikataba na kuzitoa upya kazi zao. Mwaka 2012 kazi za WITCH zilikusanywa zikatolewa pamoja huko Marekani. Kwa baadhi ya kazi hizo mikanda ya asili ilikwisha kupotea, na sauti ilibidi ichukuliwe katika santuri chakavu iliyosalia. Jagari aliitwa tena jukwaani akiwa mzee, na mwaka 2023 WITCH ilitoa santuri mpya, *Zango*. Mwaka uliofuata, msanii wa Marekani aitwaye Tyler, the Creator alitumia katika wimbo wake sehemu ya wimbo wa Ngozi Family wa mwaka 1977, na Kinyanja cha Lusaka kikasikika duniani kote, miaka 35 baada ya mwenyewe kuzikwa. Muziki uliodhaniwa umekufa ulikuwa na thamani. Waliokuwa wa mwisho kuijua thamani hiyo ni wenye mali.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Siti binti Saad wa Fumba alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri zake ni miongoni mwa za mwanzo kabisa za Kiswahili. Ikhwani Safaa ipo tangu mwaka 1905. Mwenye kutaka kuzisikia santuri za zamani za Visiwani kwa sauti safi, mara nyingi atazikuta katika mikusanyo iliyotengenezwa Uingereza na Ufaransa, huku nyingine zikiwa zimo bado katika nyumba za Mji Mkongwe, Wete na Mkoani, zinaliwa na ukungu. Hewa yetu ya chumvi na unyevu haizisamehi.

Kwa hiyo tunawaomba wananchi wenye santuri za zamani, za taarabu, za dansi au za roki, wasizitupe wala kuwauzia wapita njia kabla ya kujua wanachouza. Santuri isimamishwe wima kama kitabu. Ikilazwa moja juu ya nyingine hupinda. Iwekwe mbali na jua na ukuta wenye unyevu. Ikifanya ukungu, ifutwe kwa maji safi na kitambaa laini, bila ya kulowesha karatasi ya katikati. Karatasi hiyo yenye jina, nambari na kampuni ndiyo cheti chake cha kuzaliwa.

Kwa viongozi wenye dhamana ya utamaduni tunasema kwamba sheria ya hakimiliki ya mwaka 2003 tunayo, na Nyaraka za Taifa tunazo. Kilichobaki ni kazi ya daftari. Watumwe vijana wawili watatu wenye bidii, wapite shehia kwa shehia, waandike kila santuri iliyopo: jina la mwimbaji, la mtunzi na la wapigaji, nambari yake, iko kwa nani, na warithi wa wenye kazi ni akina nani. Mwenye santuri asinyang'anywe. Inakiliwe mbele yake na arudishiwe. Kazi hiyo haihitaji jengo jipya wala mfadhili kutoka nje. Inahitaji kalamu, mashine ya kunakili na mshahara wa vijana hao, na inahitaji ianze wakati wazee wanaozijua sauti hizo kwa majina bado wangali hai kuulizwa.