Kufuga mbwa kwa mara ya kwanza

Kufuga mbwa kwa mara ya kwanza ni hatua ambayo mtu au familia huchukua inapompokea mbwa nyumbani bila kuwa na uzoefu wa awali wa kumtunza. Mbwa huweza kufugwa kama mlinzi, msaidizi wa mchungaji au mwindaji, au kama mnyama-kipenzi, yaani mnyama anayefugwa kwa sababu ya urafiki wake na si kwa nyama, maziwa au kazi.

Mbwa huishi kwa kawaida miaka 10 hadi 13, na wengine zaidi. Kwa hiyo mtoto wa darasa la kwanza anayeletewa mbwa mdogo anaweza kuwa amemaliza kidato cha sita mbwa huyo akiwa bado hai. Majukumu yake ni ya muda mrefu, nayo hayaishii ndani ya ua: mbwa asiyechanjwa huhatarisha pia majirani, hasa watoto. Ndiyo sababu maandalizi hufanyika kabla mbwa hajafika, si baada yake.

Mbwa na binadamu

Mbwa (jina la kisayansi: *Canis lupus familiaris*) ni mnyama wa kwanza kufugwa na binadamu. Asili yake ni mbwa-mwitu wa kale. Mabaki ya mbwa aliyezikwa pamoja na watu huko Bonn-Oberkassel, Ujerumani, yana umri wa miaka 14,000 hivi.

Katika Afrika Mashariki mbwa wengi ni wa kienyeji, wenye manyoya mafupi na mwili wa wastani. Mara nyingi huitwa "mbwa koko", hasa wale wanaozurura. Mbwa wa kienyeji amezoea joto, na akitunzwa vizuri huwa mlinzi na rafiki sawa na mbwa wa kigeni. Mbwa wa kigeni wenye manyoya mengi, au wenye pua fupi iliyobonyea, hupata taabu zaidi mahali penye joto kali, kwa kuwa mbwa hupunguza joto la mwili hasa kwa kuhema.

Uamuzi wa familia

Kabla ya kumleta mbwa, wote wanaoishi katika nyumba hiyo wanatakiwa kukubaliana. Maswali ya msingi ni haya:

* Nani atampa chakula na maji kila siku, na nani atashika nafasi yake akisafiri au akienda shule ya bweni?
* Nani atazoa kinyesi na kusafisha kibanda?
* Fedha za chakula, chanjo na matibabu zitatoka wapi?
* Je, nyumba ni ya kupanga? Kama ndivyo, mwenye nyumba ameruhusu?
* Je, kuna uzio, au mbwa atakuwa akitoka barabarani?
* Daktari wa mifugo au afisa mifugo wa karibu yuko wapi?

Mtoto anaweza kupewa sehemu ya kazi, kama kujaza chombo cha maji, lakini dhima yenyewe hubaki kwa mtu mzima. Mtoto akisahau, ni lazima awepo mwingine wa kukumbuka.

Gharama ya kumpata mbwa huwa ndogo, kwani watoto wa mbwa wa kienyeji mara nyingi hutolewa bure. Gharama kubwa ni ya kumtunza. Kwa mfano, mbwa anayekula nusu kilo ya chakula kilichopikwa kwa siku hula zaidi ya kilo 180 kwa mwaka. Akiishi miaka 12, atakuwa amekula zaidi ya tani 2. Familia inayopiga hesabu hiyo mapema, na kuongeza chanjo, dawa za minyoo na dawa za kupe, hujua kama inaweza au haiwezi. Isiyoweza inafaa kusubiri.

Umri wa kumchukua

Mtoto wa mbwa hufaa kuachishwa mama yake akifikisha wiki 8 hivi. Akichukuliwa mapema mno hukosa maziwa ya mama, na hukosa pia mafunzo anayoyapata kwa kucheza na ndugu zake, kama vile kutouma kwa nguvu.

Kipindi cha kati ya wiki 3 na wiki 14 hivi ni muhimu kwa tabia yake. Anayezoeshwa wakati huo sauti za watu, watoto, pikipiki na wanyama wengine hukua akiwa mtulivu. Anayefungwa peke yake hadi kukomaa huwa na woga, na mbwa mwenye woga huuma kwa urahisi.

Anayetafuta mbwa hushauriwa kumchagua mwenye macho safi, pua isiyotoa kamasi, tumbo lisilofura na mwenendo wa uchangamfu. Tumbo lililofura kwa mtoto wa mbwa mwembamba mara nyingi ni dalili ya minyoo.

Makao

Mbwa anahitaji mahali pakavu penye kivuli pa kulala. Kibanda cha mbao kinafaa kiinuliwe kidogo kutoka ardhini ili maji ya mvua yasiingie, kiwe na nafasi ya kusimama, kugeuka na kujinyoosha, na kiweze kusafishwa. Paa la bati bila kivuli cha mti hugeuza kibanda kuwa tanuri wakati wa mchana.

Katika nyumba nyingi mbwa hufungiwa mchana na kufunguliwa usiku ili alinde. Desturi hiyo haina budi kuambatana na muda wa kumtembeza na kukaa na watu. Kumfunga kwa mnyororo mfupi siku nzima humletea vidonda shingoni na hasira.

Chakula na maji

Maji safi yanatakiwa kuwepo muda wote. Mbwa mwenye uzito wa kilo 20 huhitaji lita 1 hivi kwa siku, na zaidi kukiwa na joto.

Mbwa hula nyama na vyakula vya mimea pia. Ugali au wali mtupu humshibisha lakini haumtoshi. Unahitaji kuchanganywa na protini kama dagaa, samaki waliotolewa miiba, mayai yaliyopikwa au nyama. Mtoto wa mbwa hulishwa mara 3 hadi 4 kwa siku, na mbwa mzima mara 2.

Vitu vifuatavyo ni hatari kwa mbwa:

* vitunguu maji na vitunguu saumu, ambavyo huharibu chembe nyekundu za damu;
* chokoleti, zabibu na pombe;
* mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, ambayo huvunjika vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo;
* dawa za panya na viuatilifu vya shambani.

Mapafu na maini mabichi ya mifugo yaliyotupwa machinjioni ni hatari ya namna nyingine. Mbwa akila yenye vifuko vya tegu aina ya *Echinococcus*, minyoo hiyo hukua tumboni mwake na mayai yake hutoka na kinyesi. Mtu akimeza mayai hayo, kwa mfano kwa kula bila kunawa mikono, anaweza kuota vifuko vikubwa kwenye ini au mapafu. Eneo la Turkana, kaskazini mwa Kenya, limejulikana kwa miaka mingi kwa ugonjwa huo.

Chanjo na dawa

Ratiba kamili hupangwa na daktari wa mifugo. Kwa kawaida huwa hivi:

* *Dawa ya minyoo*: huanza mtoto wa mbwa akiwa na wiki 2, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi afikishe wiki 12, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Baada ya hapo mbwa hupewa dawa kila baada ya miezi 3 hivi.
* *Chanjo ya mchanganyiko*, dhidi ya magonjwa kama distempa na parvo: huanza kati ya wiki 6 na 8, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16, na tena baada ya mwaka. Virusi vya parvo huua watoto wengi wa mbwa kwa kuhara damu na kutapika.
* *Chanjo ya kichaa cha mbwa*: hutolewa kwa kawaida akifikisha miezi 3, na hurudiwa kila mwaka au kadiri ya aina ya chanjo na sheria ya nchi. Katika kampeni za umma hata wenye umri mdogo zaidi huchanjwa.

Kupe na viroboto hukaguliwa kila wiki, hasa masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Kupe huambukiza magonjwa ya damu yanayoweza kumuua mbwa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isitumiwe kwa mbwa bila maelekezo ya mtaalamu, kwa kuwa kipimo kikizidi humdhuru.

Kichaa cha mbwa

Hili ndilo jukumu zito kuliko yote. Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa na kuingia mwilini kupitia jeraha. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu wote hufa. Shirika la Afya Duniani (WHO) hukadiria kuwa watu 59,000 hivi hufa kila mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika. Takriban 4 kati ya 10 ni watoto wa chini ya miaka 15, na karibu wagonjwa wote huambukizwa na mbwa.

Chanjo ya binadamu ilitumiwa kwa mara ya kwanza na Louis Pasteur mjini Paris mwaka 1885, kwa mvulana aliyeitwa Joseph Meister. Hata hivyo njia ya kukomesha ugonjwa ni kuchanja mbwa wenyewe. Mbwa mmoja mgonjwa huambukiza kwa wastani mbwa wasiozidi 2. Kwa sababu hiyo, mahali ambapo 70% ya mbwa wamechanjwa, virusi hukosa njia ya kuenea. Lakini kiwango hicho hushuka upesi, kwani mbwa waliochanjwa hufa na wengine huzaliwa. Ndiyo maana kampeni hurudiwa kila mwaka. Kisiwani Pemba kampeni hizo ziliukomesha ugonjwa, lakini ulirudi mwaka 2016. Mbwa walichanjwa tena, nao ukakoma kwa mara nyingine. Kenya ilitangaza mkakati wa miaka 2014 hadi 2030 wa kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na ugonjwa huo.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, hata mbwa wa nyumbani:

1. jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15;
2. lisipakwe pilipili, mafuta wala majivu;
3. aende kituo cha afya siku hiyohiyo, bila kusubiri dalili;
4. mbwa, kama anajulikana, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10 chini ya uangalizi wa afisa mifugo, asiuawe kwa haraka.

Kadi ya chanjo ya mbwa ihifadhiwe pamoja na hati nyingine za nyumbani. Siku mtoto wa jirani atakapoumwa, tarehe iliyoandikwa ndani yake itamsaidia daktari kuamua.

Uzazi

Mbwa jike hupata joto kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miezi 6 hadi 12, na baadaye mara 2 hivi kwa mwaka. Mimba huchukua siku 63 hivi, na mara nyingi huzaliwa watoto zaidi ya 4. Familia isiyo na mpango wa kuwapatia makao watoto hao inashauriwa kumpeleka mbwa kwa daktari ahasiwe au atolewe kizazi. Watoto wa mbwa wanaotupwa jalalani ndio wanaoongeza idadi ya mbwa wasio na mwenyewe wala chanjo.

Mafunzo

Mbwa hujifunza kwa kurudiarudia na kwa kupewa tuzo, kama kipande cha chakula au sifa, mara tu anapofanya jambo jema. Wote nyumbani watumie maneno yaleyale. Mmoja akisema "kaa" na mwingine "chini", mbwa huchanganyikiwa. Kipigo humfundisha kuogopa mkono wa mtu. Methali isemayo "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" inamhusu mbwa pia.

Watoto nao hufundishwa: wasimsumbue mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha, na wasimkimbie mbwa wasiyemjua.

Majirani, dini na sheria

Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mbwa kuwa najisi na kumruhusu kwa kazi kama ulinzi, ufugaji na uwindaji. Hivyo wengi huko hupendelea kufuga paka. Mwenye mbwa katika mtaa wa watu mchanganyiko anatakiwa kumzuia asiingie nyua za wengine wala kugusa vyombo na nguo zao.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama (Sura ya 360). Zote mbili hukataza kumtesa mnyama. Halmashauri na kaunti zinaweza kuwa na sheria ndogo kuhusu usajili, chanjo na mbwa wanaozurura.

Uzee na kuhama

Mbwa huanza kuzeeka akiwa na miaka 7 hivi, na wale wakubwa wa mwili huzeeka mapema zaidi. Huhitaji chakula laini, mahali pa joto pa kulala na kuonwa na daktari mara nyingi zaidi. Familia inayohama na isiyoweza kwenda naye inapaswa kumtafutia mwenyeji mwingine kabla ya siku ya safari na kumkabidhi pamoja na kadi yake ya chanjo. Mbwa akiugua bila tumaini la kupona, daktari wa mifugo anaweza kumaliza uhai wake kwa sindano bila maumivu. Kumfukuza au kumtelekeza porini si njia ya kumaliza jukumu hilo.