Paka Anapokuuma

(Muziki unashuka.)

Leo tunaongea juu ya paka. Najua kuna atakayecheka: tumekimbia vita, halafu mnatuletea habari za paka? Lakini mwenye gunia la mahindi ndani ya nyumba anaijua kazi yake. Bila paka, panya wanakula mgao kabla yako.

Tulipoishi Jinja, upande wa Masese, karibu na wauza mukene, mdogo wangu alikuwa na paka. Siku moja alimsugua tumbo, akaendelea, akaendelea. Paka akamuuma kwenye kidole gumba. Matundu mawili tu, damu kidogo. Tukapaka chumvi na majivu, tukafunga kitambaa, tukalala. Kesho yake mkono ulikuwa umevimba, hawezi kushika hata kikombe.

Jino la paka ni jembamba kama sindano. Linaingiza uchafu chini kabisa, halafu ngozi inajifunga juu. Unaona kidonda kidogo, kumbe ndani kinatunga usaha.

Na paka yule hakuwa mbaya. Alikuwa ameshasema, sisi hatukusikia. Paka akichoka kushikwa, mkia unapigapiga, masikio yanalala nyuma, ngozi ya mgongo inatetemeka. Hapo toa mkono. Mwenye maumivu au mwenye watoto wachanga, mwache kabisa. Kitoto cha paka usikitoe kwa mama yake kabla ya wiki 8, maana kwa ndugu zake ndiko kinakojifunza kuuma polepole. Kikitaka mchezo, kivutie kitambaa kwenye kamba, siyo vidole vyako. Akikuuma usimpige. Anayeogopa ndiye anauma zaidi.

Sasa sikia hili vizuri. Kichaa cha mbwa kinampata paka pia. Paka mpole anageuka ghafla, anashambulia bila kuguswa, anatokwa mate, anayumba. Lakini usingoje kuona hayo. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Ukiumwa na paka yeyote, hata wako, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Huna bomba? Mtu amimine kutoka kwenye jerikeni. Usipake chumvi, majivu wala pilipili. Siku hiyohiyo nenda kituo cha afya cha kambi. Mlioko mjini, Jinja na Mbale kuna hospitali kubwa za rufaa. Uliza chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Ukiambiwa imeisha, uliza inapatikana wapi, usirudi kulala. Sindano ni zaidi ya moja, kila moja na siku yake. Usiache katikati mpaka daktari aseme.

Paka usimuue. Mfungie, mwangalie siku 10. Akibaki mzima, hakuwa na uwezo wa kukuambukiza siku ile alipokuuma. Paka mwenyewe pia anachanjwa. Ulizia kwa daktari wa mifugo.

Nanyi wazazi, mtoto anaficha jeraha akiogopa fimbo. Muulize kwa upole.

Mdogo wangu alipona. Paka alikaa ndani siku zake 10, akila mukene kuliko sisi, na tulipohamia Mbale tulipanda naye kwenye teksi, ndani ya boksi.

(Muziki.)