Unahama Windows kwenda Mac? Kagua programu kabla ya bei

OKTOBA 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo uliozoeleka katika ofisi nyingi za vyama vya ushirika, maduka ya pembejeo na mashamba ya biashara.

Kompyuta hizo hazikuzimika siku hiyo. Hata hivyo, zisizo kwenye mpango wa nyongeza hazipati tena marekebisho ya usalama. Kwa ofisi inayotunza hesabu za malipo ya wakulima, hiyo si hatari ya kupuuzwa.

Zipo zinazoweza kupandishwa kwenda Windows 11. Nyingine zinakwama, kwa kuwa mfumo huo unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo si za zamani sana. Ndipo baadhi ya wamiliki wanapofikiria kuhamia Mac, kompyuta za kampuni ya Apple.

Uamuzi huo una faida zake. Mac zenye chipu za M, zilizoanza kuuzwa Novemba 2020, zinatumia umeme kidogo na betri zake hudumu muda mrefu. Mnunuzi wa mazao anayeshinda kijijini kusiko na umeme ataona tofauti. Tatizo huja pale mtu anaponunua Mac kwa mazoea ya Windows.

Programu kwanza

Kabla ya kuuliza bei, andika kwenye karatasi kila programu inayoingiza fedha au kutunza kumbukumbu katika ofisi yako.

Excel na Word zipo kwenye Mac. Kwa watafiti, Stata, SPSS, R na QGIS nazo zipo. Lakini Microsoft Access haipo, TallyPrime inayotumika kwa uhasibu imetengenezwa kwa ajili ya Windows, na ArcGIS Pro ya kuchora ramani ni hivyo hivyo.

Zamani Mac zenye prosesa za Intel ziliweza kuwekewa Windows moja kwa moja. Kwenye chipu za M njia hiyo imefungwa. Iliyopo ni kuendesha Windows ndani ya Mac kwa programu kama Parallels, ambayo leseni yake inalipiwa, na ya Windows pia. Hata hapo, fanya majaribio kwanza, kwani si kila programu ya zamani itakubali.

Kisichoongezwa baadaye

Mkulima anayenunua trekta anajua kuwa jembe na tela anaweza kuongeza msimu ujao, lakini nguvu ya injini anaichagua mara moja tu. Kwenye Mac, RAM ndiyo injini hiyo.

Katika kompyuta mpakato nyingi za Windows, fundi hufungua kifuniko na kuongeza RAM. Kwenye MacBook zenye chipu za M, RAM imeunganishwa na chipu yenyewe. Ukinunua GB 8, utabaki na GB 8 hadi mwisho wa maisha ya mashine.

MacBook Air za awali za chipu hizo zilianzia GB 8. Oktoba 2024 Apple ilipandisha kiwango cha kuanzia cha MacBook Air kuwa GB 16. Kwa anayetaka kuendesha Windows ndani ya Mac, GB 16 ndicho kiwango cha kuanzia, kwa sababu mifumo miwili itagawana RAM hiyo moja.

Nafasi ya kuhifadhi ni suala jingine. Nayo haibadilishwi kirahisi, lakini picha na mafaili ya miaka iliyopita yanaweza kukaa kwenye diski ya nje. Diski hiyo iandaliwe kwa mfumo wa exFAT. Ile ya NTFS iliyotoka kwenye Windows itasomeka, lakini Mac haitaweza kuandika juu yake bila programu ya ziada.

Kwa hiyo, fedha zikiwa chache, ongeza RAM kwanza.

Hesabu kwa mwaka

Tuchukue mfano wa kinadharia. Mashine ya kwanza ya GB 8 inauzwa sh. 2,400,000 na inakufaa miaka mitatu. Ya pili ya GB 16 inauzwa sh. 3,000,000 na inakufaa miaka mitano. Ya kwanza inakugharimu sh. 800,000 kwa mwaka, ya pili sh. 600,000. Iliyoonekana rahisi ndiyo ghali.

Jumlisha pia adapta za projekta na flashi, leseni, na siku ambazo karani atajifunza mfumo mpya.

Tahadhari kwa zilizotumika

Mac za Intel zinaweza kukuvutia kwa bei. Fahamu kwamba Juni 2025 Apple ilitangaza kuwa macOS Tahoe ndiyo toleo la mwisho kwa mashine hizo. Kwa Mac yoyote iliyotumika, hakikisha muuzaji ameondoa akaunti yake mbele yako, la sivyo inaweza kukataa kufunguka.

Iwapo programu ya mahesabu ya chama chako haipo kwenye Mac, usihame. Nunua kompyuta ya Windows 11 inayoruhusu kuongezwa RAM, na salio libaki kwenye mfuko wa chama. Fedha hizo ni makato ya wanachama, na mkutano mkuu una haki ya kuuliza zilikokwenda.