Utangulizi: Manjano Mbele ya Seli

Ukiteguka kifundo cha mguu, kinavimba, kinakuwa chekundu, kinapata joto, kinauma. Celsus wa Roma aliziandika dalili hizo nne takriban miaka 2,000 iliyopita, na bibi zetu hawakumsubiri yeye ndipo watwange manjano. Lakini ni nani hasa anayeuwasha moto huo? Mwaka 1882, mjini Messina, Elie Metchnikoff alimchoma kwa mwiba kiti cha pweza mchanga. Kesho yake akakuta seli zimeuzonga mwiba ule kama siafu. Nasi tunazo seli za namna hiyo. Zinaitwa makrofaji, na kitabu hiki kinahusu yanayozipata zikikutana na dawa za miti shamba.

Ndani ya makrofaji mna protini iitwayo NF-kappa B, ambayo wakati wa amani hufungwa kamba na protini nyingine. Seli ikinusa ganda la bakteria, kamba hukatwa. Mfungwa huingia kwenye kiini na kuamsha jeni za uvimbe, ikiwemo ya TNF, tarishi anayeita seli nyingine vitani. Mwaka 1995 ilionekana kwamba kurkumini, ile rangi yenyewe ya manjano, huizuia kamba isikatwe. Watafiti wakachangamka, pengine kupita kiasi.

Maana sahani ya maabara si mwili. Katika unga wa manjano, kurkumini ni kama sehemu 3 kwa 100. Ukiimeza, utumbo na ini huigeuza upesi, na inayofika kwenye damu ni ya kudondoka. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu kurkumini pamoja na piperini ya pilipili manga, na kiasi kilichofyonzwa kikapanda mara 20; ila kidogo sana mara 20 bado ni kidogo. Tena kurkumini hung'aa yenyewe chini ya taa za vipimo na hunata kwenye protini chungu nzima, hivyo huzidanganya mashine. Wanakemia wa Marekani waliandika tahadhari kali juu yake mwaka 2017.

Kosa ninalolikuta zaidi kwa wanafunzi ni jepesi kuliko hayo. Dawa imetiwa, TNF imeshuka, watu wanapongezana. Kumbe seli zimekufa. Maiti hatumi tarishi.

Karibu, msomaji. Ukifika kwenye jedwali lolote humu, kabla ya safu ya TNF soma kwanza safu ya seli zilizobaki hai.