Sheria Iliyo Juu ya Sheria

Msafiri atokaye Iringa kwenda Morogoro kwa barabara kuu hupita Ilula, mji mdogo wa Wilaya ya Kilolo, ambapo nyanya na vitunguu hupangwa kando ya njia kungoja wanunuzi. Mahali pa soko ni mahali pa mazungumzo, na katika mazungumzo ya watu husikika swali ambalo twataka kulijibu leo: Je, yawezekana majaji watatu kuitangua sheria iliyopitishwa na Bunge zima?

Tuanze na jambo lililo karibu nasi. Kijiji chaweza kujitungia sheria ndogo, mathalani juu ya mifugo iingiayo mashambani. Lakini sheria hiyo haipati nguvu mpaka ikubaliwe na Halmashauri ya Wilaya, wala haiwezi kupingana na sheria ya nchi. Basi kila sheria ina mkubwa wake. Na sheria ya Bunge nayo ina mkubwa wake, naye ndiye Katiba. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 64, yasema kwamba sheria yo yote isiyopatana nayo itakuwa batili kwa kadiri inavyohitilafiana nayo.

Lakini Katiba ni maandishi, haina kinywa. Hapana budi awepo mtu wa kuisoma na kuamua. Kazi hiyo imepewa Mahakama Kuu. Mahakama ya Mwanzo, ambayo wengi wetu twaijua, haina uwezo huo. Na shauri la haki za msingi husikilizwa na majaji watatu pamoja, ili neno kubwa hivi lisiamuliwe na mtu mmoja.

Sasa na tutazame shauri lenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka umri wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume, lakini mwanamke aliruhusiwa kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi. Na mahakama iliweza kumruhusu hata mwenye miaka 14. Yaani kaka na dada waliolelewa nyumba moja, sheria iliwapima kwa vipimo viwili. Rebeca Gyumi, mtetezi wa haki za wasichana, alipeleka shauri Mahakama Kuu, akidai kwamba vifungu vya 13 na 17 vyavunja usawa uliomo katika Katiba. Mwezi wa Julai 2016 majaji walikubaliana naye. Hawakuviondoa vifungu hivyo siku ile ile, bali waliipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha, kwa maana Katiba yenyewe, katika ibara ya 30, yawapa ruhusa ya kufanya hivyo.

Serikali ilikata rufani, ikieleza kwamba sheria ile ilizingatia mila na dini za watu. Mwezi wa Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliikataa rufani hiyo. Hata hivyo, mwaka mmoja baada ya hukumu hiyo, Bunge lilikuwa halijaibadili sheria. Hapo twaona kwamba jaji hana kalamu ya kuandika sheria mpya. Yeye husema, "Hii haipatani na Katiba". Kuandika nyingine ni kazi ya Bunge.

Wako wasemao, na neno lao lina uzito: "Sisi tulipiga kura kuwachagua wabunge, wala hatukupiga kura kuwachagua majaji. Kwa nini wachache wasiochaguliwa wawashinde wengi waliochaguliwa?" Tena Uingereza, nchi yenye mabunge ya zamani, mahakama hazitangui sheria ya Bunge, bali Marekani zimefanya hivyo tangu mwaka 1803. Basi nchi zenye demokrasia hazikufuata njia moja.

Jibu letu ni hili. Kura huonyesha mapenzi ya walio wengi, na ni haki wengi watawale. Lakini msichana wa miaka 15 hana kura. Hawezi kumwondoa mbunge, wala hawezi kusubiri uchaguzi ujao, kwa kuwa mtoto hukua na ndoa haingoji. Mtu wa namna hiyo, kama hana mahakama, atakimbilia wapi? Demokrasia ni utawala wa wengi, nayo hukamilika pale ambapo hata mmoja husikilizwa.

Hata hivyo uwezo wa mahakama una mpaka. Mchungaji Christopher Mtikila, mwenyeji wa Ludewa katika nyanda hizi za Kusini, alidai kwamba mtu aruhusiwe kugombea uongozi bila kudhaminiwa na chama. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 1994, na Bunge likaibadili Katiba yenyewe. Akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006. Lakini mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba mahakama haiwezi kufuta neno lililomo ndani ya Katiba, kwani hilo ni la Bunge. Naye alikwenda mbele ya Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha, ambayo mwaka 2013 ilisema kwamba haki yake ilivunjwa.

Tena yafaa kujua kwamba mwaka 2020 Bunge lilibadili sheria, na kwa mabadiliko hayo mtu aliyepeleka shauri la haki za msingi alitakiwa kuonyesha jinsi yeye mwenyewe alivyoguswa na jambo alilolilalamikia. Kwa hiyo haifai kumngoja mwingine atusemee daima.

Ndugu wasomaji, nanyi wanafunzi, haki isiyojulikana ni kama akiba iliyozikwa na mwenyewe akapasahau mahali. Someni Katiba, kwa kuwa imeandikwa kwa Kiswahili chetu. Atakayeijua hataogopa kuuliza, na swali la mtu mmoja limekwisha kuwasimamisha watunga sheria wa nchi nzima.